Keki Iliyotokwa na Jasho

Tunu alifika kwa Bi Siwema macho yamemvimba. Jana, mbele ya ukumbi mzima, keki yake ya kwanza ya harusi ilitokwa na jasho. Fondanti, ile sukari laini inayovishwa keki, ililoa ikateleza, na mawaridi yakaanguka mezani moja moja.

“Pole, mwanangu,” alisema Bi Siwema, aliyemfundisha kazi. “Na wateja wangu walivyokuwa wameanza kukukimbilia! Uliilaza kwenye friji?”

“Usiku kucha, kama ulivyoniambia.”

“Basi ni friji yako, haipozi vizuri. Hebu chukua maji kwenye yangu, utulize roho.”

Tunu akafungua friji. Ndani mlikuwa na maji, samaki na bamia. Keki ya harusi haikuwemo, na binti wa Bi Siwema alikuwa anaolewa jioni ile.

Akaiona juu ya kabati, ndani ya boksi la karatasi, mbali na jua. Aliligusa waridi moja. Kidole kilirudi kikavu: keki isiyolala kwenye baridi haitokwi na jasho ikikutana na joto.

Alitoa samaki, akatoa bamia, akachomoa rafu, kisha akaibeba keki kwa mikono miwili na kuiingiza kwenye friji.

“Unafanya nini wewe?”

“Naitunza, Bi Siwema. Kama ulivyonifundisha.”

Bi Siwema alipiga hatua moja kuielekea friji, akasimama. Uani, mashoga zake walikuwa wakipiga vigelegele. Friji ilinguruma taratibu kati ya Tunu na Bi Siwema, na hakuna aliyenyoosha mkono kuufungua mlango.