Nusu Saa ya Goti la Mama

Siku hizo mgonjwa wa viungo hakuruhusiwa kufanya mazoezi huku akiumia. Jamaa mmoja wa nyumbani alivaa mkanda uliounganishwa na wa mgonjwa, akambebea maumivu kwa nusu saa.

Kwa Bi Shamsa, jamaa huyo alikuwa binti yake, Mwanahawa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani, alijilaza mkekani na kufunga mkanda gotini. Maumivu ya mama yake yalipoingia, aling'ata kanga, akafumba macho na kumhesabia: kunyoosha mguu mara kumi, kuinuka kitini mara kumi. Miezi mitatu ilipita na goti halikupona.

Asubuhi moja alifumbua macho katikati ya hesabu. Mama yake alikuwa amekaa kimya kitini, mikono mapajani, akitazama nje dirishani.

"Mama, mbona huinuki?"

"Niache kidogo, mwanangu. Miaka saba sijakaa hivi bila kuumia."

"Lakini bila mazoezi hutapona."

"Najua."

Mwanahawa alichoka hata kubishana. Nusu saa ilipokwisha na mkanda kuuliza kwa sauti, kama kila siku, iwapo mazoezi yamefanyika, alijibu, "Yamefanyika," kisha akajifuta jasho na kwenda kazini.

Kesho yake alipoamka, alimkuta mama yake ameshavaa mkanda, ameketi kitini anamngoja. Mkeka alikuwa amemtandikia, na safari hii amemwekea na mto.

"Njoo ulale, mama," alisema Bi Shamsa kwa upole. "Leo usijisumbue kuhesabu."