Mnunuzi wa Kwanza

Bi Mwanakheri alikuwa ameandika NYUMBA HII ukutani, bado neno INAUZWA, mnunuzi wa kwanza alipofika.

"Umekuja mwenyewe au umetumwa?"

"Mwenyewe, mama. Mimi na madalali wapi na wapi?"

Akamwonyesha vyumba. Walipofika uani simu ya mgeni ikaita, naye akabonyeza spika badala ya kuikata.

"Vipi, huyo mjane ameshalainika? Mwambie paa linavuja, atashusha bei."

Ilikuwa sauti ya shemeji yake Bi Mwanakheri, aliyetaka kumfukuza humo tangu arobaini ya marehemu mumewe.

"Toka," Bi Mwanakheri alisema. "Kamwambie shemeji, rambirambi ameshakula. Nyumba haili."

Akarudi ukutani kuandika HAIUZWI. Rangi ikamwishia njiani. Akasogea nyuma, akasoma: NYUMBA HII HAI.