Dereva wa Salatiga

Alipofika kwenye Jumamosi na Jumapili za ratiba ya safari yao, Rosette aliifuta Bali na kuandika Salatiga.

"Ni wapi huko?" mumewe, Heritier, aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe cha chai mkononi.

Rosette alimweleza kuwa ni mji mdogo wa kisiwa cha Java, chini ya mlima, wenye kibaridi kizuri na kahawa. Wiki nzima ya jua la Bali ingewachosha, na jua hapo Arlington, Texas, walipoishi, lilikuwa tele. Wangepunga upepo wikendi moja tu, kisha warudi pwani.

Heritier aliweka kikombe mezani. Safari hiyo ilikuwa fungate yao iliyochelewa, maana walioana katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kesho yake wote wawili walikuwa kwenye foleni ya maji. Kwa miezi alikuwa akiisubiri kama mtoto anayesubiri sikukuu. Sasa uso ulimbadilika.

"Vacances gani, likizo ya mlimani, Rosette? Milima si tuliiacha kwetu Uvira?"

Rosette alijua kinachomtisha. Salatiga alikuwako Nathanaël, mdogo wake Heritier. Hilo Rosette hakutakiwa kulijua. Alilijua kwa bahati tu, siku Élodie wa kwaya alipomwonyesha picha kwenye simu: kijana mwembamba katikati ya wanafunzi wake, nyuma yao mlima wa kijani, chini imeandikwa Salatiga. Aliisifu picha, akaingia chooni, akafungulia bomba ili mtu asimsikie.

Miaka mitatu nyuma, mdogo wake Rosette, Mado, alikuwa akirudi kutoka dukani kwa miguu, kando ya barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu. Gari lilimgonga na halikusimama. Alikufa peke yake majanini, wakati Rosette yuko zamu kwenye makao ya wazee, akimlisha uji mama wa watu.

Gari lilikutwa kwenye maegesho ya nyumba yao wenyewe, taa moja imepasuka. Lilikuwa la Heritier. Heritier alilia mbele ya polisi mpaka watu wakamshika. Alisema Nathanaël, aliyekuwa amekuja kwa basi kutoka Houston kuwaona wikendi ile, alichukua ufunguo yeye akiwa amelala. Polisi walipofika Houston, kijana alikuwa ameshapanda ndege kwenda kufundisha Kifaransa ng'ambo, na mkono wa sheria ya Texas haukufika huko.

Tangu hapo Heritier alimwomba mkewe jambo moja tu, amwachie Mungu. Rosette aliitikia amina. Kila alipoitikia, chuki iliongeza mzizi.

Wiki hiyo Heritier alijaribu kila njia. Alisema kule mvua itawaharibia wikendi. Alisema tumbo lake haliwezi pilipili za Java. Mwishowe alimshika mkono.

"Chérie, kama umesikia mambo ya yule mtoto, nakuomba. Ile ni damu yangu."

Rosette alimhurumia kidogo. Mtu kumficha mdogo wake, hata kwa mkewe, lilikuwa jambo aliloweza kulielewa. Yeye mwenyewe alikuwa na mdogo.

Lakini hakurudi nyuma. Alichagua nyumba ya wageni karibu na uwanja wa katikati ya mji. Alitazama picha za barabara inayopanda mlimani kwenda Kopeng, akaona kwamba kona nyingine hazina kingo. Kisha akafungua namba mpya, akajiita Mama Lenny, Mkenya wa Katy, huko huko Texas, akamwandikia Nathanaël, ambaye mwisho wa wiki alitembeza wageni na namba yake ilikuwa mtandaoni. Alimwambia wangependa awapeleke mlimani kwa gari.

Alimtaka Nathanaël mwenyewe ashike usukani. Heritier angebaki amelala kwa uchovu wa safari, na yeye angekaa kiti cha mbele. Wakishafika juu kabisa angemwekea picha ya Mado mapajani, atazame ile mikono itafanya nini. Mengine ya baadaye hakuyawaza kwa maneno. Usiku aliota usukani, akaamka amekunja ngumi.

Jibu lilikuja Jumapili asubuhi, Heritier akipiga pasi shati la kanisani. Nathanaël aliandika kwa furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusikia lugha yake.

"Karibuni sana, Mama Lenny. Wikendi hiyo sina kazi. Nyumba mliyochagua ni nzuri, ila ombeni chumba cha nyuma, mbele kuna kelele za pikipiki. Kopeng nitawapeleka, na mahali pa kula nitawaonyesha. Gari nitawatafutia pamoja na dereva, maana mimi kuendesha sijui hata leo. Nina kaka yangu huko huko Texas, Arlington. Alijaribu kunifundisha akakata tamaa. Nimemkumbuka, na mke wake pia, lakini anasema nisimpigie shemeji, bado ana msiba. Kama mnawafahamu, mnisalimie."

Rosette alisoma tena, polepole, mpaka mwisho.

Heritier alikuwa akisema kwamba hakulala usiku kucha, na kwamba anamwomba kwa mara ya mwisho waiache hiyo Salatiga.

"Tuiache," Rosette alisema.

Heritier akaiweka pasi chini na kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Sina haja tena ya kwenda mbali," Rosette aliongeza.