Unyayo Nusu

Goti la kushoto la Zawena lilipoteguka mara ya tatu, mtaalamu wa viungo hakuligusa. Alimlowesha miguu kwenye beseni la maji, akamwambia atembee kwenye sakafu kavu. Unyayo wa kushoto ulitoka nusu.

Akambonyeza kifundo cha mguu huo. "Hapa palivunjika zamani, pakaunga vibaya. Goti linabeba mzigo usio wake. Tutaanzia huku chini."

"Sijawahi kuvunjika," alisema Zawena.

Kisha akaikumbuka fainali aliyoicheza miaka ya nyuma, kocha wake akimfunga bandeji kwenye kifundo hicho hicho: "Msuli tu huo, mwanangu. Picha ya eksirei nimeiona mwenyewe."

Kocha huyo huyo sasa alikuwa mlangoni, amemshikia viatu. Hakuonekana kushangaa.

Zawena alichovya tena miguu kwenye beseni, akamwendea kocha polepole, nyayo zikimfuata sakafuni, moja nzima, moja nusu.