Mguu wa Mama Mkwe

Mpimaji alisimama amekipa kitanda mgongo, akauuliza ukuta, "Mama, umeshalala vizuri?"

"Nimelala, baba. Lakini huyu dada ana mikono ya barafu."

Afanyeje? Kazi yake ilikuwa kupima miguu ya watu, na aliyelala pale nyuma yake, gauni limepandishwa juu ya goti, alikuwa mama mkwe wake. Kazi ni kazi, lakini heshima nayo ina mipaka yake. Basi muuguzi ndiye aliyebandika waya na kufunga mkanda wa hewa pajani. Yeye macho yake hayakubanduka kwenye karatasi ya mashine.

Juzi alikwenda kumchukua kwao kwa basi, wakakaa kitini mchana kutwa. Waliposhuka tu, mama akaanza: mguu mzito, mguu unawaka moto. Mke wa mpimaji akautazama mguu, akamtazama na mumewe.

"Humo kuna damu imeganda. Mpime. Mama yangu akianguka, mimi na wewe tutajuana."

Wala hakuwa anakuza mambo. Damu iliyoganda mguuni ikibanduka ikapanda mpaka kwenye mapafu, mtu anazimika huku anaongea.

Mashine yenyewe haina makuu. Inapitisha umeme kidogo, usiousikia, kwenye shavu la mguu. Mkanda ukibana, mguu unajaa damu na mstari unapanda. Mkanda ukiachiwa, damu inatoka na mstari unaporomoka. Ukishuka kwa kujikokota, basi kuna kitu kimeziba njia.

Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia, mpimaji aliijaribu kwa mguu wake mwenyewe, wa kushoto. Wenzake waliuita Rula. Leo mstari ulishuka kama mtoto aliyetumwa dukani mpira ukiwa umenoga.

"Imeshaanza ujinga wake," alisema, akazungusha swichi ya nyuma mpaka mstari ukashuka inavyotakiwa. Kisha akavuta soksi, nayo ikambana. Bila shaka mkewe alikuwa ameianika juani mpaka ikasinyaa. Ile ya kulia ilinusurika.

"Achia," alisema sasa. Muuguzi akaachia mkanda.

Mstari ukaporomoka mpaka nje ya karatasi.

"Nini?" akauliza mama mkwe. "Ndiyo nakufa?"

"Hapana, mama. Mashine imerukwa na akili. Hakuna mguu wa binadamu unaoshuka hivi."

"Mbona sauti yako imebadilika?"

Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli. Simu ya mkewe iliita mfukoni, akaiacha iite. Angemwambia nini? Kwamba mashine imechagua kuharibika siku ya mama yake? Ilipokatika, akampigia fundi wa mitambo.

Fundi alikuja na bisibisi mkononi na kijiti cha meno mdomoni. Akafungua, akachungulia, akafunga, akaiunganisha mashine na kisanduku chake cha majaribio.

"Mashine nzima kabisa," alisema. "Ila kuna mtu kaichezea swichi."

"Sikuichezea. Niliirekebisha asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia."

"Basi usiirekebishe tena." Akairudisha swichi pale alipokuwa ameiweka yeye tangu mwanzo.

Wakapima upya. Mstari ukapanda vizuri, ukashuka vizuri. Wakarudia, ukafanya vilevile.

"Mguu mzima, mama! Ni uchovu wa safari tu."

"Kwani mimi nilisema mbovu? Mwanangu ndiye aliyesema. Mimi nilisema unauma."

Mpimaji akampigia mkewe. "Mama yako mzima wa afya," alisema, na vigelegele vikamtoka mke vikajaa chumba kizima. Akaiweka simu mezani bila kuikata, akajitupa kwenye kiti, akacheka peke yake kwa furaha, huku akijikuna mguu juu ya soksi.

Fundi alikuwa anafunga mkoba wake.

"Hebu niambie kitu," alisema. "Asubuhi ile, mgonjwa hata mmoja hajaingia. Uliirekebisha kwa kufuata mguu wa nani?"

Mkono wa mpimaji ukasimama palepale kwenye soksi.

Muuguzi akamtazama fundi, fundi akatoa kijiti mdomoni. Kwenye simu vigelegele vilikuwa bado vinaendelea. Mama mkwe akateremsha gauni lake, akashuka kitandani kwa miguu yake miwili, akanyoosha shuka pale alipokuwa amelala.

"Panda, baba," alisema, kisha akageukia ukuta.