Kijiko cha Dawa ya Kikohozi

Mama alikuwa amekaza midomo kabisa, na kitindamimba wake ameinama mbele yake na kijiko kilichojaa pomoni dawa ya kikohozi.

"Mama, acha kudeka bwana. Chupa hii tumekunywa nyumba nzima, umebaki wewe tu."

"Siwezi kuichanganya na dawa zangu, mwanangu."

"Dawa zako zipi tena?"

Mama akatoa pakiti ya vidonge kwenye kopo la vifungo, pale pembeni ya cherehani. "Za sonona. Daktari alisema dawa yoyote ya mafua au kikohozi nimuulize kwanza mfamasia, maana nyingine zikikutana na hizi zinaweza kunidhuru."

Kijana akaikodolea macho ile pakiti. Huyu si ndiye mama aliyewachekesha watu mpaka kwenye msiba wa dada?

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike dada yako. Baba yako hajui. Akijua ataanza upya kujilaumu, si yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku ya ajali?"

Dawa ikawa inamchuruzikia kijana kwenye kidole gumba, nyekundu, inanata.

"Vipi huko?" baba akaita kutoka sebuleni, naye anakohoa. "Bibi harusi wangu kanywa, au nije nimbane pua?"

Mama akaangua kicheko kikubwa ili kisikike mpaka sebuleni, huku machozi yanamdondokea mapajani.

Kijana akakibugia kile kijiko yeye mwenyewe, akameza.

"Keshakunywa, baba."