Dua ya Waziri Mkuu

Ijumaa ile habari zilifika Kitale kwamba aliyekuwa waziri mkuu wa Misri amefariki. Imamu akampa maikrofoni Shafi, mwalimu wa madrasa aliyesomea Kairo.

"Si wewe unamjua, bana. Tuelezee maisha yake kidogo, ndio tumwombee."

Shafi aliipokea.

"Alianza kama ofisa wa polisi," alisema. "Akapanda, akawa waziri, mwisho akaongoza serikali."

"Mashallah," watu waliitikia.

Shafi aliuinua mkono wake wa kulia, wenye vidole vitatu vilivyopinda kama makucha.

"Nimekuwa nikiwaambia vidole hivi vilikatwa na mashine ya posho, ya kusaga unga. Ni yeye alivivunja akinihoji kituoni, nikiwa mwanafunzi kule Kairo, kwa sababu nilikataa kumtaja rafiki yangu. Mwombeeni nyinyi."

Alikuwa akivaa viatu mlangoni imamu alipoanza dua, na nyuma yake hakuna hata mmoja aliyeitikia amina.